Mama, Mtoto, Mjukuu

Ijumaa saa nne usiku, ghorofa ya pili, Kiboriloni.
Seva imekataa kumeza.
Diski imejaa, inasema kwa maandishi mekundu.
Chini, duka la vipuri limeshafungwa,
jenereta la jirani linakohoa.

Mfumo wetu wa kupima kahawa una moduli kumi na moja:
Mizani, Ghala, Malipo, Mkulima, Ripoti,
na nyingine ambayo nimesahau kazi yake
ila nikiitoa, vyote vinasimama.
Zinategemeana kama watu wa mfereji mmoja:
wa juu akichafua, wa chini anakunywa tope.

Mtu akibadilisha mstari, hata koma,
mashine inazijenga zote upya
na kutupa stoo nakala kumi na moja
zenye tarehe, saa, sekunde,
na neno moja mkiani: BADO.

Bado ya asubuhi. Bado ya baada ya chai.
Bado ya Eliakunda, aliyejaribu kitu akaghairi.
Bado ya siku ile umeme ulipokatika na kurudi mara nne.
Nimehesabu: elfu thelathini na moja na mia sita,
na hakuna hata moja iliyowahi kuambiwa, tayari.

Miaka mitatu tumesema tutafuta wiki ijayo.
Usiguse, huenda kuna anayeitegemea.
Huenda!
Neno hilo halibebeki hata na wapagazi wawili.

Nikamkumbuka mama, Uru, panga mkononi.
Shina moja lilikuwa limetoa machipukizi tisa.
Nilikuwa na miaka saba, nikalia:
yote yalikuwa ya kijani, yote yalikuwa hai.
Akasema hana ugomvi na kijani,
ugomvi wake ni tisa kula shimo moja.
Akaacha mgomba wenye mkungu,
akaacha unaofuata,
akaacha ule unaochungulia.
Mama, mtoto, mjukuu.
Mengine akampa ng'ombe.

Basi nikaandika kanuni, mistari sita:
kila moduli ibaki na nakala tatu za mwisho,
zilizobaki, zikipita siku thelathini, ziende.
Nikafumba jicho moja, nikabonyeza.

Tisini na nane. Sabini na mbili. Arobaini.
Kumi na tisa.
Feni ya seva ikashusha sauti.
Nikanywa chai iliyopoa, nikajiona mtu.

Kisha Malipo ikaanguka.

Haioni Mizani ya tarehe tisa Machi,
saa tano na dakika saba usiku.
Machi ya mwaka juzi.
Nani aliyefunga fedha za watu
kwenye kamba ya bado?
Jina lilikuwepo: Ndewirwa,
aliyeacha kazi akaenda kufuga nyuki Rombo.

Nikampigia. Hakukasirika.
"Ile ndiyo pekee isiyokula gramu," akasema.
"Nyingine zote zinashusha gunia hadi kilo kamili,
kinachozidi kinapotea, na hakipotei kwa mnunuzi.
Nilirekebisha usiku ule.
Nilitaka kuitoa rasmi asubuhi.
Asubuhi ikaja na mambo yake."

Nikakaa kimya na simu sikioni.
Misimu miwili haki ya watu wa Kibosho
imelala ndani ya kitu kisicho na jina,
katikati ya takataka,
na mimi nimepita na panga.

Ilipatikana kwa Anaeli wa uhasibu,
ambaye hajawahi kufuta kitu maishani mwake.
Jumamosi alfajiri akaja na kompyuta yake kwapani,
kilemba cha kulalia bado kichwani,
na ndani yake ile tarehe tisa, nzima.

Nikaikata mkia.
Nikaipa namba, nikaandika aliyeitengeneza na sababu,
nikaiweka kabati lisilofagiliwa.
Malipo ikasimama. Ripoti ikafuata.
Ile moduli nisiyoijua nayo ikasimama.

"Jumatatu," nikamwambia Anaeli,
"tunasafisha na hii yako."
Akaifunga taratibu, akaikumbatia.
"Bado," akasema.